Risasi ya Heshima

Ting. Kimya. Ting. Kisha vishindo vitatu vizito, du, du, du, kama kokoto zinazoangushwa ndani ya sufuria.

Japheth Oloo alikuwa bado kwenye benchi la ukumbini, mlango wa chumba cha vielelezo umefungwa mbele ya magoti yake, lakini masikio yake yalikuwa yameshaingia ndani. Miaka aliyoitumikia maabara ya silaha jijini Nairobi ilikuwa imemfundisha sauti ya shaba. Mbili zilizolia zilikuwa maganda matupu. Tatu zilizoguna zilikuwa risasi nzima, baruti ingali tumboni. Rivolva ile ilibeba sita. Moja iliyobaki haikuwa na sauti tena, kwa sababu ndiyo iliyopasuka na kumkata mgeni vidole viwili.

Mlango ulifunguliwa. Mulazim Rashid, afisa kijana wa polisi mwenye sare iliyopigwa pasi mpaka ikashika makali, alimwonyesha kiti bila kumtazama usoni.

"Bima imekutuma wewe tena?"

"Tena."

"Basi fanya haraka. Faili inaondoka hapa baada ya sala ya alasiri. Ikifika kwa mwendesha mashtaka, si yangu tena."

Hilo ndilo lililokuwa likimchoma Japheth tangu asubuhi. Kampuni ya bima iliyomwajiri hapa Doha ilitaka jibu la swali moja: nani abebe lawama. Klabu ya shabaha iliyoko jangwani, nje kidogo ya Al Wakrah, ilikuwa imeshajibu. Ni Loice Nyaboke, binti wa Kisii, aliyekuwa akiwamiminia wageni kahawa mpaka alipohamishiwa uwanjani kujaza na kusafisha silaha. Meneja aliandika kwamba binti huyo alisahau kitambaa cha kusafishia ndani ya mtutu. Sasa alikuwa mahabusu katika ghorofa ya chini ya kituo hiki hiki, na juu ya meza ya Rashid kulikuwa na maelezo ya kukiri kosa, yamechapwa tayari, yakisubiri sahihi yake. Akitia sahihi, ni jela. Baada ya jela, ndege ya kurudi nyumbani bila hata begi.

Rivolva ililala kwenye sinia la chuma. Ilikuwa kitu cha kale, kilichofuliwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mali ya babu wa mwenye klabu. Mpini wake wa mbao ulikuwa umesuguliwa na viganja vya watu waliokwisha kufa. Upande wa juu wa silinda, pale tundu la tatu lilipokuwa, chuma kilikuwa kimefunguka kama ganda la njugu.

"Kitambaa kikibaki ndani ya mtutu," Japheth alisema, "mtutu ndio unaoumia. Unavimba, kama nyoka aliyemeza panya. Pitisha kidole."

Rashid alipitisha kidole, kwanza kwa dharau, kisha polepole. "Umenyooka."

"Umenyooka kabisa. Kilichopasuka ni silinda."

"Basi alitia risasi zisizo zake."

"Hilo ndilo nililokuja nalo." Japheth aligeuza ganda la kwanza, akalitazama kitako kwa kioo cha kukuzia. Akageuza la pili. Akazipindua zile risasi nzima, moja baada ya nyingine, na kila moja ilimrudisha nyuma hatua. "Kuna risasi zenye umbo hilo hilo na urefu ule ule, ila zinasukuma kwa nguvu zaidi. Hupigwa alama ya kujumlisha na herufi P hapa kitakoni. Zinaingia kwenye rivolva ya zamani bila kikwazo chochote. Silinda inafunga, kila kitu kinaonekana sawa, lakini chuma cha zamani hakikuumbwa kubeba mgandamizo huo."

"Na hizi zina alama?"

"Hazina."

"Hata moja?"

"Hata moja. Ni za kawaida zote." Alisema hivyo huku taya limekaza. Usiku mzima alikuwa amelala na nadharia yake, na sasa ilikuwa imekufa mikononi mwake mbele ya afisa wa miaka ishirini na kitu.

Rashid alifungua viganja vyake. "Risasi ni sahihi. Silaha imepiga miaka mingi bila tatizo. Kilichobaki ni msichana. Hata maganda yalitoka vizuri. Nilifungua silinda, nikaiinamisha, yakadondoka yenyewe kama kokwa za tende."

Japheth alikuwa ameshaikaribia ile silinda kwa kioo chake mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye chuma. Aliufuata ukingo wa ufa kwa jicho, kutoka juu kwenda chini, akarudi tena juu. Kisha akasogeza taa ya mezani.

"Njoo utazame. Sehemu hii ya ufa ni rangi gani?"

"Inang'aa."

"Na hii ya ndani?"

Rashid aliinama. "Nyeusi."

"Masizi. Chuma kikipasuka leo kinang'aa kama kisu kipya. Masizi hayawezi kuingia ndani ya ufa ambao bado haujakuwapo. Ufa huu ulianza zamani, mulazim. Ulikuwa unakua kila ilipopigwa, na siku ya ajali ulimalizika tu. Loice aliishika rivolva hii kwa siku ngapi?"

"Ile moja."

"Sasa?"

Kijana aliketi. Kwa muda mfupi ilionekana kama ameguswa, kisha akajirekebisha kola. "Mtaalamu wetu ataichunguza. Mwezi ujao, inshallah. Leo mimi nina maelezo ya meneja, na wewe una ufa. Niletee mtu, bwana Oloo. Ufa haupandi kizimbani."

*

Barabara ya kwenda klabuni ilinyooka kiasi cha kuudhi. Japheth aliendesha huku kiyoyozi cha gari kikimpulizia hewa ya vuguvugu, akijibishana peke yake. Kama risasi za siku ile zilikuwa sahihi, basi rivolva ilikuwa imeshaumizwa kabla. Na kitu pekee cha kuiumiza hivyo, ufa ukiota ndani ya tundu lenyewe, ni risasi kali. Nani alizitia? Na kwa nini hakuna hata mtu mmoja pale klabuni aliyewahi kuzitaja?

Meneja, Mlebanoni aitwaye Nabil, alimpokea kwa tabasamu pana na akamwacha sebuleni, kwenye matakia, karibu saa nzima. Funguo za uwanja hazipo. Mwenye funguo anasali. Mwenye funguo amemaliza kusali lakini anakula. Kila Japheth alipoinuka, mfanyakazi mmoja alimrudisha kwa heshima. Alitazama saa yake mpaka akachoka kuitazama.

Aliyekuja hatimaye alikuwa Faridah, Mganda wa Jinja, birika la kahawa mkono wa kushoto, vikombe vidogo mkono wa kulia.

"Ssebo, bwana wangu, nisamehe. Kahawa imechelewa. Siku hizi sijui nimimine saa ngapi."

"Si unamimina mgeni akifika?"

"Hapana, hapa mgeni anapiga kwanza. Mimi nangoja jikoni nisikie ile kubwa, ndiyo naingia."

Japheth alishika kikombe bila kukinywa. "Ile kubwa ipi, dada?"

"Risasi ya heshima." Alisema kama mtu anayetaja sukari. "Ile rivolva ya babu. Mgeni anapiga ndogo tano, pa, pa, pa, halafu ya mwisho inalia mpaka vikombe vinagongana kwenye trei. Fundi Cyrus ndiye aliyeleta mtindo huo. Aliniambia, Faridah, ukiisikia hiyo leta kahawa mkono wa mgeni ukiwa bado unatetemeka, utaona anavyofurahi. Na kweli walifurahi. Wengine walikuwa wanapigana picha."

"Na siku ya ajali? Uliisikia?"

Faridah alitikisa kichwa. "Siku hiyo Cyrus alikuwa amekwenda mjini kupimwa macho kwa ajili ya leseni ya gari. Loice alikuwa peke yake. Nilisikia ndogo mbili, halafu kitu kimepasuka, halafu yule bwana analia. Niliganda na birika langu."

"Loice alijua habari ya hiyo risasi ya heshima?"

"Alijua sauti, kama mimi. Alikuwa wa kahawa, ssebo. Angejuaje inatoka kwenye boksi gani?"

Japheth aliweka kikombe chini. Alipita mbele ya mfanyakazi wa mlangoni kwa mwendo ambao hakuna aliyethubutu kuurudisha kwenye matakia.

*

Uwanja ulikuwa wazi, na Cyrus Kiprop alikuwa anafagia. Kabla ya Doha alikuwa askari wa wanyamapori, na bado alisimama kama mtu anayetazamia kitu kitoke kichakani. Wakenya wa klabu ile walimwita Fundi, na yeye ndiye aliyemfundisha kila mmoja wao jinsi ya kushika silaha.

"Karibu, buda wa bima. Umekuja kutuhesabia vumbi?"

"Nimekuja kutafuta maganda."

"Tafuta. Hapa shaba ndiyo mchanga wetu."

Japheth alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mwisho, ile ya rivolva. Bastola za kisasa hutupa maganda sakafuni zenyewe, lakini rivolva huyashika mpaka umwage mwenyewe, kwa hiyo maganda yake huwa mahali pamoja, ndani ya debe chini ya meza. Aliinama. Debe lilikuwa safi, linanuka sabuni.

"Mudir Nabil alisema tuoshe kila kitu," Cyrus alisema nyuma yake. "Shaba ilichukuliwa jana na watu wa chuma chakavu."

Japheth alibaki amechuchumaa, uso kwenye debe tupu, damu ikimpanda. Kila mahali alipogusa palikuwa pameshapigwa maji. Alipiga debe teke, likabingirika, na ndipo alipoona zulia la mpira sakafuni, lile lenye matundu ya kupitisha mchanga. Alipiga magoti. Alitoa kisu kidogo akaanza kuchokoa tundu baada ya tundu, jasho likimdondoka puani, Cyrus akimtazama.

"Pole, Mjaluo. Suti yako inalia."

"Itanyamaza. Hebu niambie, ile rivolva ya babu ilikuwaje mkononi?"

"Mzee tu. Ilikuwa inasumbua kutoa maganda. Nilikuwa nagonga fimbo yake ya kusukumia maganda kwa kiganja mpaka kiganja kinauma." Alinyoosha mkono, akaonyesha sugu chini ya kidole gumba. "Ona."

Japheth aliona. Aliendelea kuchokoa.

Ganda la kwanza lililotoka lilikuwa la bastola nyingine. La pili pia. La tatu alilisugua kwa kidole, akaligeuza kitako, akaweka kioo. Alama ya kujumlisha. Herufi P. Fataki, kile kidoti cha katikati kinachogongwa na sindano, kilikuwa kimebanwa mpaka kikalala bapa, na kidonda cha sindano kilikaa pembeni, hakikuwa katikati. Asubuhi, kwenye sinia la Rashid, maganda mawili yalikuwa na kidonda hicho hicho, pembeni vile vile. Alipata mengine mawili ya aina ile kabla ya kuinuka. Magoti yalimlia.

Aliyapanga matatu juu ya meza.

"Haya yametoka kwenye rivolva ya babu. Na ni ya risasi kali."

Cyrus aliegemea ufagio. "Sawa. Rivolva ilipiga. Lakini haikuandika jina la mtu."

"Haikuandika."

"Basi unaniangalia mimi kwa nini?"

"Kwa sababu ya kiganja chako. Mulazim leo alifungua silinda, akaiinamisha, maganda ya kawaida yakadondoka yenyewe. Rivolva hiyo haisumbui kutoa maganda, Cyrus. Inasumbua ganda likivimba, na ganda huvimba kwa mgandamizo mkubwa. Wewe umegonga mpaka ukaota sugu. Uligonga yapi?"

Cyrus alitazama mlango, akatazama maganda, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Unajua wewe ni msee msumbufu?"

"Najua."

"Mudir alisema ile rivolva mzee inakohoa tu. Wageni wanatoka The Pearl, kule kwa matajiri, kwa magari ya bei hiyo, wanashika historia mkononi, halafu inafanya pu kama mtoto anayetema mbegu. Walikuwa wanacheka. Nilitafuta njia salama. Moja tu, ya mwisho. Tano za kawaida, moja kali. Na hata hiyo nilijaribu mwenyewe kwanza. Iliingia, silinda ikafunga, ikapiga. Kule porini tulifundishwa hivyo: ikiingia na ikafunga, ni yake."

"Mlikuwa na rivolva mpya kule."

"Mpya, ndiyo. Zilikula chochote."

"Hiyo ndiyo tofauti yote, ndugu yangu. Rivolva mpya, kama ile mliyo nayo hapa kwenye sefu, hupigwa muhuri kwamba inabeba risasi kali. Mtengenezaji amesema. Ile ya babu haisemi kitu, na kunyamaza kwake si ruhusa. Wakati inafuliwa risasi hizi hazikuwapo. Ungemuuliza fundi bunduki, aipime matundu, atafute mwaka wake, aangalie kama silinda inacheza. Asipokuwa na uhakika, unatia risasi laini au unaitundika ukutani. Kupunguza idadi si usalama. Kila moja ilifungua ufa kidogo, na ufa haujui kusamehe zile tano zinazofuata."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Lakini ulipojua, ulinyamaza."

Hapo Cyrus alikunja uso. "Mudir alinijia kabla ya polisi. Alisema kitambaa. Sikusema mimi neno kitambaa. Nilikaa kimya tu. Nina mke Eldoret amejifungua juzi. Yule binti hana mtoto, hana mume, nikasema labda watamrudisha tu nyumbani."

"Watamfunga kwanza."

"Nenda basi ukaseme. Una maganda yako."

Japheth alitaka kumshika shati. Alijizuia kwa sababu Cyrus alikuwa amesema kweli: alikuwa na maganda, basi. Maganda matatu kutoka kwenye zulia. Sugu ya mtu. Maneno ya mmiminaji kahawa aliyesikia sauti kubwa akiwa jikoni. Wakili wa klabu angeyapuliza yote kwa pumzi moja, na Nabil angeapa kwamba hajawahi kusikia risasi ya heshima maishani mwake. Alikuwa ameijua kesi yote kuanzia juu mpaka chini, na bado hakuwa na kitu cha kuweka juu ya meza ya Rashid.

Simu yake iliita. Alikuwa Rashid mwenyewe.

"Bwana Oloo, wanajiandaa kusali. Msichana amekubali kutia sahihi. Amekataa wakili. Ameomba jambo moja tu, azungumze na mwalimu wake wa uwanjani. Uko naye?"

"Ninaye hapa," Japheth alisema, akimtazama Cyrus. Akabonyeza spika, akaiweka simu juu ya meza, kando ya maganda.

Kulikuwa na mkwaruzo, kiti kikisogezwa, kisha sauti nyembamba iliyokwisha kulia ikakauka.

"Fundi?"

Cyrus alishika ufagio kwa mikono miwili.

"Fundi, ni mimi, Loice. Wameniambia uko hapo. Sitakupotezea muda. Naenda kutia sahihi, hakuna neno. Ila nimefikiria usiku kucha na sijaona. Nilipitisha kitambaa nikakitoa. Nilimulika tochi ndani ya mtutu kama ulivyonionyesha, nikaona mwanga upande wa pili. Nilizitazama risasi moja moja. Nilifanya yote kwa mpangilio wako. Sasa niambie tu nilikosea wapi, Fundi. Yule bwana amepoteza vidole. Nataka nijue ni nini nilichofanya, hata kama nitakaa ndani. Siwezi kukaa ndani bila kujua."

Kwa mbali, kutoka upande wa pili wa simu, mtu aliita watu kwenye sala.

"Fundi, uko?"

Japheth alifungua mdomo, akaufunga. Lilikuwa jambo gumu zaidi alilolifanya siku ile, kunyamaza. Cyrus aliuegemeza ufagio ukutani, polepole, kana kwamba ungeweza kuvunjika. Aliinama juu ya simu, viganja vyake viwili mezani, kimoja kikiwa na sugu.

"Hukukosea," alisema.

"Nini?"

"Hukukosea mahali popote. Ulifanya vizuri kuliko mimi. Iliharibika kabla yako."

Upande wa pili mtu alivuta pumzi, akashindwa kuitoa. Sauti ya Rashid ilisikika ikiuliza kitu kwa Kiarabu, kali, haraka.

"Loice, nisikilize," Cyrus alisema. Japheth alikuwa ameshatoa funguo za gari mfukoni. "Usishike hiyo kalamu. Mwambie afande akae na faili yake hapo hapo. Natoka hapa sasa hivi na huyu mzee wa bima, na nikifika nitasimama mbele yako niseme kwa mdomo wangu nani alikuwa anatia zile kali. Sitasema ni Mudir, na sitasema sikujua. Nakuahidi, dada yangu. Leo hulali humo."